Boksi zilipoisha grafu ikashuka: malaria ya 2015 kaskazini mwa Uganda ilivyoonekana kwenye daftari la maabara

Wiki ambayo grafu ya malaria ya wilaya yetu ilishuka, sisi kituoni hatukua na kipimo hata kimoja. Hicho ndo kisa chenyewe na nataka nikieleze taratibu, manake mpaka leo naona watu wanasoma zile grafu kama mtu anayepima mvua kwa kopo, maji yakiwa mengi basi imenyesha, kopo likiwa kavu basi ilikua jua. Malaria haipimwi hivo. Kila namba inayofika juu imepita kwanza kwenye mikono ya mtu wa maabara, na huyo mtu anahitaji boksi la vipimo, anahitaji glavu, anahitaji kalamu yenye wino.

Mimi ni mtu wa maabara, mzaliwa wa Bweyale, pale njia ya kwenda Gulu ambapo sokoni ukisema Kiswahili utanunua na utauza bila shida. 2015 nilikua nafanya kazi kwenye helthi senta moja ndani ya zile wilaya kumi zilizokua zinapuliziwa dawa ya mbu mpaka 2014. Kituo sikitaji, na namba za rejista siziweki hapa, zile ni za kituo na nyuma ya kila mstari kuna mgonjwa. Pale nitakapohitaji hesabu nitatoa mfano wa kutunga na nitasema ni mfano.

Turudi nyuma kidogo, bila hii historia hamtaelewa kwa nini daftari lilianza kuongea. Wilaya kumi ninazosema ni Agago, Amuru, Apac, Gulu, Kitgum, Kole, Lamwo, Nwoya, Oyam na Pader. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikaa Apac wakakamata mbu na kuhesabu, wakapata kwamba mtu mmoja kwa mwaka anang'atwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara 1,586. Gawa kwa siku 365 uone, ni zaidi ya mara nne kila usiku, na hapo tunaongelea wale mbu waliobeba ugonjwa tu, wengine hawajahesabiwa. Ni moja ya namba kubwa zaidi zilizowahi kuandikwa popote duniani. Tororo, ambayo watu wa mashariki wanajua vizuri ilivyo na malaria, ilipata 562.

Ndo maana dawa ililetwa. 2008 ilipuliziwa DDT Apac na Oyam ikasimama baada ya kesi mahakamani, zikaja dawa za aina ya pairethroidi, mbu wakaonekana wamezizoea, na kuanzia 2010 ikaingia bendiokabu ambayo ndo ilifanya kazi kweli kweli. Timu za wapulizaji zilikua zinakuja na mabegi ya pampu mgongoni, watu wanatoa magodoro na magunia ya simsim nje, ukuta unapuliziwa, unasubiri, unarudisha vitu ndani. Kwa miaka hio maabara ilitulia. Unatoboa kidole cha mtoto, unaweka tone, unaweka maji yake, unasubiri dakika 15 mpaka 20, unaona mstari mmoja tu, ule wa kuonyesha kwamba kipimo kiko sawa, malaria hakuna; ikiwepo inatoka mistari miwili. Kulikua na vijana wa maabara walioanza kazi kipindi hicho ambao walikua hawajazoea kuona mistari miwili.

Halafu 2014 kupulizia kukasimama kwenye hizi wilaya kumi na programu ikahamia wilaya nyingine 14 za mashariki na upande wa Lango. Sisi tukabaki na neti. Neti ziligawiwa nchi nzima 2013 na 2014, zaidi ya milioni 20, na simdharau aliyezigawa, neti imeokoa watoto wengi. Ila zile neti dawa yake ni pairethroidi, ile ile ambayo mbu wa huku walishaizoea mpaka ikabidi ukutani iwekwe nyingine. Hilo lilikua linajulikana.

Sasa kisa.

Kulikua na mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu, mtu wa Kiswahili cha kambini, kila akija kituoni ananiita "kijana wa damu". Alikua anakuja kwa sababu ya presha, siyo kingine. Mwanzoni mwa 2015, kipindi ambacho kwetu ni kiangazi, vumbi tupu, mbu mwenyewe humsikii, akaja anatetemeka amejifunika koti. Nikamtoboa kidole akaniambia, "Kijana wa damu, usipoteze kipimo. Malaria ni ya watoto, mimi ilishanizoea zamani." Mistari miwili ikatoka. Nikaona niweke slaidi pia, kile kioo cha kusomea damu, manake nilikua na muda, tone nene, likakauka, nikaweka rangi ya Giemsa, dakika kumi, nikaosha nikaweka chini ya hadubini na mafuta.

Kwa wale ambao hawajawahi kusoma slaidi ya malaria: tunahesabu kwa alama za jumlisha. Uwanja ni lile duara unaloliona kwa mara moja ukichungulia hadubini. Ukipata vimelea 1 mpaka 10 ndani ya uwanja 100 unaandika +. Ukipata 11 mpaka 100 ndani ya uwanja 100, ++. Ukianza kupata 1 mpaka 10 kwenye kila uwanja, +++. Zaidi ya 10 kwenye kila uwanja, ++++. Slaidi ya mzee ilikua ++++. Nilisogeza uwanja wa kwanza, wa pili, wa tano, vipete vidogo vya zambarau kila mahali kama mchele umemwagika. Nikaenda kumwita sista aje aangalie, siyo kwamba sikujiamini, nilitaka mtu mwingine aone. Akainama, akasogeza mwenyewe, akaniuliza, "Hii ni ya mtoto gani?" Nikamwonyesha mzee kwenye benchi.

Hapo ndo pa kuelewa. Mahali penye malaria nyingi sana mtu mzima anakua na kinga fulani, siyo kwamba haambukizwi, anaambukizwa lakini mwili unaishikilia, vimelea vinakua vichache na anaendelea na jembe lake. Kinga hio inahitaji kukumbushwa. Ukimpa miaka kadhaa bila kung'atwa, mwili unasahau. Kwa hio mtu mzima mwenye ++++ kaskazini mwa Uganda ni taarifa kuhusu kijiji kizima, hata kama kwenye ripoti ya wiki anahesabiwa kama mtu mmoja sawa na mwingine yeyote. Fomu ya wiki, ile 033b tuliyokua tunaituma kwa meseji ya simu kupitia mTrac, inauliza wangapi wamepimwa, wangapi chanya. Haiulizi jumlisha ngapi. Jumlisha nne zilikua zinabaki kwenye rejista yangu tu.

Nikaanza kupekua rejista kurudi nyuma. Siyo kwa mpango wowote, ni kwa sababu yule mzee alinikaa kichwani. Na nikaona vitu ambavyo nilikua naviandika kwa mkono wangu kila siku bila kuvisoma.

Cha kwanza ni umri. Safu ya umri kwa wale chanya zamani ilikua 2, 1, 3, 4, miezi 9, 2. Sasa ilikua 3, 27, 11, 45, 8, 2, 33. Hakuna aliyekua anaijumlisha hio safu, fomu ilikua inatenganisha chini ya miaka mitano na wengine basi. Kwenye stoo ya dawa jambo lile lile lilionekana kwa rangi, manake Coartem, dawa yetu ya malaria, inakuja kwa pakiti za uzito, ya njano ya watoto wadogo, ya bluu, ya kahawia, na ya kijani ya watu wazima yenye vidonge 24. Miaka yote ya njano ndo inaisha kwanza. Mwanzoni mwa 2015 mtu wa stoo akaanza kulalamika kwamba ya kijani imeisha na ya njano ipo, akadhani ameletewa oda vibaya.

Cha pili ni muda wa boksi. Boksi la RDT, yaani kile kipimo cha haraka cha mistari, lina vipimo 25. Mimi nina tabia ya kuandika tarehe kwenye mfuniko siku ninapolifungua, nilifundishwa hivo chuoni ili usichanganye loti. Ile mifuniko nilikua nimeitunza kwa sababu karatasi yake ni ngumu, nzuri kwa kuwekea slaidi zikauke. Nikaipanga mezani kwa tarehe. Zamani mfuniko na mfuniko zilikua zinaachana kwa siku. Sasa nilikua na mifuniko miwili, mitatu ya tarehe moja. Huo siyo ushahidi wa malaria, ni ushahidi wa watu wenye homa wanaokuja kupimwa, lakini ukiunganisha na cha tatu inakua hadithi nyingine.

Cha tatu ni rejista ya Hb, yaani kipimo cha wingi wa damu. Hii ndo naiheshimu kuliko zote na ndo haisomwi kabisa na watu wa malaria. Mtoto akiugua malaria kali, au akiugua tena na tena, damu inaisha, chembe nyekundu zinapasuka. Daktari akiona viganja vyeupe anamwandikia Hb. Ikiwa chini ya 5 mtoto huyo anahitaji hospitali, anahitaji damu. Kipimo cha Hb hakitumii boksi la RDT, kina vifaa vyake, kwa hio RDT ikiisha chenyewe kinaendelea. Na daftari la rufaa liko kwa sista, kalamu nyingine, mkono mwingine. Nilipohesabu Hb zilizo chini ya 5 mwezi kwa mwezi, ule mstari ulipanda kama mtu anapanda ngazi. Kuna siku moja ambulensi ilichukua watoto watatu pamoja, mama zao wamekaa sakafuni, mmoja anamshikilia mwanae na kuendelea kumwita jina ili asilale. Hio siku kwenye ripoti ya malaria watoto wawili kati ya hao hawapo, manake RDT ilikua imeisha na walitibiwa kwa dalili.

Tunafika kwenye zile wiki zenyewe.

Vituo vya ngazi ya chini vilikua vinaletewa dawa na vipimo kila baada ya miezi miwili, kwa furushi lililopangwa huko juu, kila kituo cha ngazi moja kinapata sawa, uwe na wagonjwa wengi ama wachache. Kipindi cha kupulizia dawa lile furushi lilitutosha na kubaki. Sasa halikumaliza hata mwezi. Mvua za Aprili zikaanza na mbu ndo wakapata maji ya kuzalia, benchi la nje likajaa mpaka watu wanakaa chini ya muembe, na boksi la mwisho likaisha.

Jumatatu tukatuma ripoti. Waliothibitishwa: wachache mno, wale wa slaidi tu, na slaidi mimi peke yangu ningeweza kusoma ngapi kwa siku? Hazifiki robo ya foleni. Wiki iliyofuata hivo hivo. Siku chache baadae ikapigwa simu kutoka upande wa takwimu, mtu mzuri tu, hakua na ubaya, akaniambia, "Ndugu yangu, naona kwenu malaria imeshuka, hongereni, mmefanyaje?" Nikanyamaza kidogo. Nyuma yangu kulikua na kelele za watoto. Nikamwambia hatuna vipimo. Akasema kwenye mfumo safu ya vipimo iko tofauti na yeye anaangalia safu ya malaria.

Sikumkasirikia, lakini ile sentensi sijaisahau.

Nieleze kwa mfano wa hesabu, narudia ni mfano wa kutunga. Wiki ya kwanza wanakuja watu 200 wenye homa, vipimo vipo, wanapimwa wote 200, chanya 60. Hio ni asilimia 30. Wiki ya pili wanakuja 300, vipimo vimebaki boksi nne, yaani 100, chanya 58. Ripoti inasema 60 halafu 58, malaria imeshuka kidogo. Lakini asilimia imetoka 30 ikaenda 58. Ukichukua hio 58 kwa mia ukaipigia kwa watu 300 unapata 174. Ni karibu mara tatu ya wiki ya kwanza, na grafu inakuonyesha mteremko.

Sasa, mtu mwenye macho atasema ngoja, zile boksi nne ulimpa nani? Na ana haki kabisa. Boksi zikiwa chache huwapimi wa kwanza kufika, unawapima watoto na wale wanaoonekana kweli wana malaria, kwa hio asilimia yenyewe inapanda kwa sababu umechagua. Kwa hio 174 huenda ni kubwa kuliko ukweli, na 58 ni ndogo kuliko ukweli, jibu liko katikati humo. Na kuna upande wa pili ambao watu wa ofisini hawauoni: kituo kikikosa vipimo habari inafika sokoni siku hio hio, watu wanaenda duka la dawa, wananunua vidonge viwili vitatu, hawaji tena. Kwa hio hata wale 300 wenye homa wanapungua kwenye daftari, na ripoti inazidi kupendeza. Ukosefu wa vipimo unakula namba kutoka pande zote mbili.

Ndo maana nasema namba moja peke yake haitoshi, unahitaji vitu ambavyo haviharibiki kwa sababu ile ile. RDT ikiisha, Hb haiishi. Hb ikiharibika betri, daftari la rufaa linaendelea. Rufaa ikikosa mafuta ya ambulensi, pakiti za kijani bado zinahesabiwa stoo. Zote zikielekea upande mmoja, ukaona moja inaenda kinyume, usifurahie ile moja.

Tulifanya hivi. Mimi na sista inchaji tulikaa jioni tatu mfululizo, taa ya sola, daftari la shule la mistari. Tukachora safu za wiki. Wenye homa waliofika. Waliopimwa. Chanya. Asilimia. Chanya wenye zaidi ya miaka 15. Slaidi za +++ na ++++. Hb chini ya 5. Waliopewa rufaa ya damu. Pakiti za kijani zilizotoka. Pale ambapo hatukupima hatukuandika sifuri, tuliacha wazi na tukaandika kwa kalamu nyekundu "hakuna boksi". Naomba mtu yeyote wa maabara anayesoma hapa alichukue hili hata kama mengine atayaacha. Sifuri maana yake ulitafuta hukupata. Wazi maana yake hukutafuta. Ukituma sifuri kwenye meseji kwa sababu simu inakulazimisha ujaze namba, umeshadanganya nchi bila kukusudia, na kompyuta huko juu itachora mstari unaoshuka kwa uaminifu wake wote.

Sista alikua ananisomea na mimi naandika. Kuna wakati alisimama kwenye mstari mmoja wa rufaa akasema, "Huyu alikufa njiani." Akaendelea na mstari unaofuata. Hatukua na safu ya hilo.

Ilipokamilika tukaona kupanda kulianza miezi kabla ya mvua. Kiangazi, wakati ambapo asilimia ya chanya ilitakiwa iwe chini kabisa, ilikua imekataa kushuka. Hio ndo ilikua kengele yenyewe. Mvua zilipokuja zilikuta moto tayari umewashwa. Tulipeleka nakala wilayani, na kwa haki niseme hatukua peke yetu, vituo vingine vilikua vinapiga kelele hizo hizo. Katikati ya 2015 serikali ikatangaza rasmi kwamba kaskazini kuna mlipuko, vipimo na dawa za ziada zikaanza kuja, wafanyakazi wakaongezwa, na hospitali za kanda zikawa zimejaa watoto kitandani wawili wawili.

Kwenye ule mstari wa tahadhari unaotumika wilayani, ule unaochorwa kwa kutumia wiki kama hio ya miaka mitano iliyopita, kuna jambo la kufikiria pia. Miaka mitano yetu ya nyuma ilikua miaka ya kupulizia. Kwa hio mstari ulikua chini, na hilo lilisaidia kuonyesha hatari mapema kuliko ambavyo ingekua vinginevyo. Sasa jiulize mlipuko ukiendelea miaka miwili mitatu, zile wiki mbaya zinaingia kwenye hesabu ya "kawaida", mstari unapanda, na mwaka wa nne watoto wale wale wengi wanaugua na chati inasema hali ni ya kawaida. Mimi hilo linanitisha kuliko mlipuko wenyewe.

Nisifiche udhaifu wa kazi yetu. RDT tuliyokua tunatumia inatafuta protini inayoitwa HRP2, na hio inabaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Mtoto aliyetibiwa akirudi na mafua baada ya wiki mbili mistari miwili inatoka bado. Kipindi cha malaria nyingi hio inaongeza chanya ambazo siyo mpya, na ndo sababu nyingine nilishikilia slaidi, slaidi inaonyesha mdudu mwenyewe. Hb nayo inashushwa na minyoo, njaa, selimundu, na miezi kabla ya mavuno watoto wengi hata bila malaria wako dhaifu. Rufaa inategemea barabara. Pakiti za kijani zinaweza kuibwa, tuseme ukweli. Kwa hio hatukua tunapima malaria, tulikua tunapima vivuli vyake, lakini vivuli vitano vinavyoelekea upande mmoja vinakuonyesha jua liko wapi.

Na wale hasi je? Hili nalisema pembeni ila nalijali sana. Kwenye ile daftari yetu tuliweka pia wenye homa waliopimwa wakawa hasi, manake huku siyo mahali pa kumwambia mtu "huna malaria, nenda nyumbani" ukafunga rejista. 1959 o'nyong-nyong, ugonjwa wa homa na viungo unaoenezwa na mbu yule yule wa malaria, ulianzia kwetu huku Acholi ukaenda Afrika Mashariki nzima, na jina lake ni la Kiacholi. Mwisho wa 2010 homa ya manjano ilitokea wilaya kama Abim, Agago, Kitgum, Lamwo na Pader, watu wanatapika damu, na ikachukua wiki kadhaa za sampuli kupelekwa maabara kubwa Entebbe na nje mpaka ikajulikana ni nini. Ile taasisi ya Entebbe yenyewe, UVRI, ilianzishwa 1936 kwa ajili ya homa ya manjano. Kwa hio ukiona wenye homa wanapanda halafu asilimia ya chanya inashuka huku vipimo vipo vya kutosha, usishangilie, kitu kingine kimeingia. 2015 kwetu haikua hivo, hasi walipungua, na hilo nalo lilikua jibu.

Yaliyofuata yako kwenye maandishi. Kupulizia kulirudi kwenye zile wilaya kumi 2017, raundi moja, kwa dawa nyingine. Na uchambuzi uliochapishwa 2021, uliotumia vituo 14 vya Uganda vyenye kumbukumbu nzuri za maabara, ulionyesha kwamba kuacha kupulizia kuliongeza malaria mara tano ndani ya miezi kumi, na kurudisha kupulizia kuliishusha zaidi ya mara tano ndani ya miezi minane. Nilipoisoma niliitafuta ile daftari ya mistari. Miezi kumi. Nilihesabu safu zetu kwa kidole.

Ile 2017 wapulizaji walipofika kijijini nilikua na siku ya mapumziko nikapita kwa mzee. Alikua ametoa kitanda nje, gunia za mahindi nje, redio nje, amekaa kwenye kiti chini ya mti anawaangalia wanavyopita na pampu zao chumba kwa chumba. Akanisalimia, akaniuliza mimi kama vile ndo nimewatuma.

"Kijana wa damu, hawa watarudi lini?"

Nikamwambia sijui, mzee. Ila miezi iliyofuata kwenye rejista mstari mmoja ulianza kuonekana tena, na safu ya umri ikarudi kwenye 2, 1, 3, miezi 9.

Hawakurudi baada ya raundi ile. Bado naandika tarehe kwenye mifuniko ya boksi.